Mzee Mita Hakadirii

Wapo wanaoijua mitaa ya matajiri kwa majina ya wenye nyumba. Mzee Mita aliujua wake kwa mbwa na mabomba. Kwa miaka thelathini na mmoja alikipanda kile kilima kila mwezi, kitabu cha idara ya maji kwapani, tochi mfukoni, na kipande cha mkate mkavu kwa ajili ya kudumisha uhusiano mwema na mbwa. Alikuwa msoma mita, na kazi yenyewe ni kuinama: unafungua kifuniko kando ya geti, unafukuza mjusi, unafuta kioo kwa kidole, unasoma tarakimu, unaandika.

Wenzake wengi hawakuinama. Walikaa chini ya kilima kwenye kibanda cha chai, wakanyoosha miguu na kukadiria: nyumba hii mwezi jana ilitumia hivi, basi mwezi huu weka hivyo hivyo na chumvi kidogo. Makadirio hayo yalikuwa na herufi yake kitabuni, K. Kitabu cha Mzee Mita hakikuwa na K hata moja, na angeweza kukuonyesha. Kwa kweli angekuonyesha hata kama hujaomba, hata kama una haraka, hata kama uko msibani.

Alipostaafu, kilima kilimtafutia kazi nyingine. Jumuiya ya Wakazi, chama cha watu wenye nafasi ya kugombana miezi sita kuhusu rangi ya mageti, iligundua kwamba kilima kina historia. Wageni walikuwa wakija Jumamosi kupiga picha majumba. Ikaonekana bora waje kwa mpango, wakiwa na mtu wa kuwaeleza mambo na kuwazuia wasichume maua. Nani anajua kila geti? Nani anaweza kupita mbele ya mbwa wa nyumba ya nguzo nane akatoka na suruali nzima? Wakamvika beji ya plastiki, akawa kiongozi wa watalii.

Matembezi yake yalianzia juu na kuteremka. "Goti langu la kushoto lilistaafu kabla yangu," aliwaambia wageni waliopandishwa na gari la Jumuiya. Juu kabisa aliwaonyesha nyumba za vioo, zilizojengwa na watu waliotaka kuona mji mzima, wakasahau kwamba mji nao una macho, wakaishia kununua mapazia. Katikati zilikuwa nyumba za wakubwa wa serikali wa zamani, zenye baraza pana kiasi kwamba mtu aliweza kumkwepa mkewe siku nzima bila kutoka nyumbani. Chini zaidi zilikuwa nyumba sita za mawe, za kwanza kabisa, ambazo wenyewe walizirithi pamoja na nyufa na majivuno.

"Barabara yetu ina kona kumi na tisa," alisema. "Mhandisi wake alikuwa mbuzi."

Wageni walicheka wakidhani ni utani, na haukuwa utani. Zamani kilima kilikuwa malisho. Hakikuwa na maji, kilikuwa na upepo wa kung'oa kofia, na mwenye akili zake aliishi bondeni karibu na chemchemi. Halafu wenye uwezo wakaamua kwamba hewa ya bondeni ina homa, wakahamia juu, na walipotafuta njia wakakuta mbuzi wameshaipima. Mpaka leo bwana mkubwa akikata kona na gari lake jeusi, anafuata nyayo za mbuzi jike aliyekuwa anatafuta kivuli.

Mwisho wa matembezi ulikuwa kwenye ngazi, na huko kwenye ngazi ndiko alikowahi kusema uongo.

Ngazi zenyewe ni mia moja arobaini na tatu, za mawe, zinapanda kutoka kwenye chemchemi mpaka nyuma ya majiko ya zile nyumba sita. Kila baada ya ngazi ishirini kuna kituo kidogo cha kupumzikia, na kila kituo kina kibao cha jiwe kilichochomoza ukutani, usawa wa jicho la mwanamke. Jumamosi yake ya kwanza kazini, miaka sita iliyopita, mgeni mmoja mwenye kofia pana kama sinia alikishika kibao na kuuliza: "Hivi vilikuwa vya nini?"

Mzee Mita alijua. Alijifunza kuhesabu kwenye ngazi hizo kabla ya kuingia shule, akimfuata mama yake aliyekuwa na ndoo ya maji kichwani, mara nane kwa siku, kabla ya mabomba kufika. Vibao vilikuwa vya kutulia ndoo. Alifungua mdomo aseme hivyo. Lakini mbele yake walisimama watu kumi na wanne wenye kamera na nyuso za furaha, na nyuma yao Mama Mwenyekiti wa Jumuiya, aliyekuwa amemwonya asubuhi ile, "Mzee, watu wanakuja kuona mambo mazuri." Akilini akamwona mama yake pale katikati, shingo imekaza, maji yanamchuruzika mgongoni. Akaona haya. Aliona haya kwa sekunde moja tu, na sekunde moja ilitosha.

"Vya maua," alisema.

Uongo haukubali kukaa peke yake, ukadai watu. Akaupa mfanyabiashara wa vitambaa na mke mzuri aliyekataa kushuka kilimani tangu alipoolewa. Akampa yule bwana vyungu saba vya maua, awe anavipanga alfajiri, kimoja kila kituo, ili bibi ashuke akifuata harufu. Wageni wakasema "Oooh." Mmoja akapenga kamasi. Mzee Mita mwenyewe alijikuta ameguswa kidogo.

Ndani ya mwaka mmoja Jumuiya ikasimamisha kibao cha chuma: NGAZI ZA MAPENZI. Maharusi wakaanza kuja kupiga picha. Mwanamume mmoja alimposa mchumba wake kituo cha nne, akapiga goti kwenye jiwe lenye ukungu, akateleza mpaka kituo cha tano, na bado akakubaliwa.

Aliyejua ukweli alikuwa mkewe peke yake, fundi cherehani, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Yaani mama mkwe wangu amepanda na ndoo mpaka utosi ukaota sugu," alimwambia siku ile ya kwanza, "halafu maua unampa mwanamke ambaye hata hayupo?"

"Niliteleza, mama watoto."

"Hukuteleza. Ulikadiria."

Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa miaka sita.

Kisha Mama Mwenyekiti akapiga simu. "Mzee wangu, mambo ni moto! Tunatoa kitabu. Mwongozo kamili wa kilima chetu na historia yake, na sura ya kwanza ni ngazi zako. Alhamisi saa nne asubuhi anakuja mtafiti wa nyaraka. Atataka jina la yule bibi, mwaka, na chanzo."

"Chanzo?"

"Chanzo si wewe? Nimeshamwambia: huyu mzee akisema kitu, kimepimwa. Mita hakadirii!"

Mzee Mita alikata simu, akatazama ukuta. Kwenye matembezi, uongo ulipeperuka na upepo. Kitabuni ungekaa, umeandikwa, na jina lake likiwa chini yake kama sahihi. Na ukigundulika, hakuna ambaye angekumbuka zile mita zote alizoinamia. Wangesema, kumbe na yeye.

Jioni ile mkewe alikuwa anapinda pindo la sketi, pini tatu mdomoni.

"Nitasema naumwa," alisema mzee.

"Unaumwa nini?"

"Goti."

"Goti haliongei. Mtoto wa watu anataka mdomo."

"Basi nitasema nilisimuliwa na mtu ambaye ameshafariki."

"Nani?"

"Sijui. Wako wengi."

Mkewe akatoa pini. "Kwa hiyo bibi mmoja wa uongo hajakutosha, sasa unamtafutia na marehemu?"

"Hapana," alikubali kwa unyonge. "Huyu mmoja tu kumlea kumenishinda."

"Basi mwambie ukweli. Wakikunyang'anya beji, hewala. Hilo shati lina kitufe kimoja pungufu pale pale beji inapokaa, nitakishona." Akanyanyuka, akafungua sanduku chini ya kitanda, akarudi na kitu mfano wa chapati iliyosahaulika: kitambaa kilichosokotwa duara, kigumu, kimefifia rangi. Ilikuwa ngata ya mama yake, ile aliyoikalisha kichwani chini ya ndoo. "Weka mfukoni. Mdomo ukigoma, toa hii."

Alhamisi mtafiti alifika penye ngazi, kule juu, kabla ya muda, binti wa viatu vya chini, penseli nyuma ya sikio, daftari nene kama tofali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama?"

"Sijalala vizuri," alijibu, akaangalia pembeni. Mzee Mita akajisemea moyoni, tuko wawili.

Mama Mwenyekiti akatokea kwa miwani ya jua, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye skafu. "Nimekuja na ushahidi!" Akafungua skafu. Ndani mlikuwa na fremu ya mbao iliyochongwa, na ndani ya fremu picha ya zamani ya mwanamke aliyekaa upande, kola ndefu, upepeo mkononi. "Huyu ndiye Bibi wa Ngazi mwenyewe. Bibi yangu, mzaa baba."

Mzee Mita alimtazama yule mwanamke. Alikuwa amemtunga Jumamosi moja saa tano asubuhi, akiwa na njaa. Sasa huyu hapa, ana pua, ana masikio, ana mjukuu mwenye nyumba ya vioo. Kwa ngazi tisa nzima za kuteremka, mzee wa watu aliamini kwamba alikuwa amesema kweli kwa bahati mbaya. Ajali za namna hiyo hutokea! Alianza hata kutembea kwa madaha.

"Alipenda asumini," Mama Mwenyekiti alikuwa anasimulia. "Alisema waridi ni la watu wa hivi hivi. Na babu alikuwa na masharubu, akiyapaka mafuta ya nazi. Mzee, si ndiyo?"

"Masharubu..." alisema Mzee Mita. Hakuwahi kumpa yule bwana masharubu, wala bibi hakuwa na msimamo kuhusu waridi. Akamtupia jicho mtafiti, akaona jambo lililomtisha zaidi: penseli ilikuwa bado nyuma ya sikio. Binti hakuwa ameandika hata nukta.

Kituo cha pili mtafiti alitoa futi ya kupimia. "Naomba nitangulie nipime vibao vya chini," alisema, akashuka kwa haraka kama anayekimbia mazungumzo.

Ikawa sasa au basi.

"Mama Mwenyekiti," alisema mzee, "kuhusu yule bibi."

"Eeh, nimwambie na ile ya viatu?"

"Yule bibi hayupo."

"Najua hayupo, ameshafariki."

"Hajafariki. Hajawahi kuwapo. Nilimtunga. Yeye, mumewe, na maua."

Mama Mwenyekiti alivua miwani. Mjusi alipita ukutani, akasimama, akawatazama, akaona hayamhusu.

"Wote?"

"Wote. Hata vyungu."

Akakaa kwenye ngazi, na ile sketi yake ya kitambaa cha maana, bila kupangusa. "Mzee, mbona hukuniambia? Mimi nimemtundika sebuleni miaka minne!"

"Basi huyu pichani ni nani?"

Alitazama juu, akatazama chini, akashusha sauti kama yuko hospitali. "Sijui. Alikuja na fremu."

Halafu tumbo la Mzee Mita likaanza kutikisika, likafuata la Mama Mwenyekiti, wakacheka mpaka mzee akashika ukuta, na Mama Mwenyekiti akaifunika fremu, mama wa watu asione.

"Ningefanyaje?" alisema akifuta macho. "Kila kikao, wale wa nyumba za mawe: babu yangu hivi, babu yangu vile. Mimi nimejenga kwa kuuza masinki ya choo. Siku moja wakaniuliza, na ninyi kwenu wapi? Nikakumbuka hadithi yako. Nikaona yule bibi hana mwenyewe, nikamchukua."

"Namwambia yule binti ukweli," alisema Mzee Mita.

"Na mimi?"

"Wewe hukusoma mita yoyote, mama. Mimi ndiye nilisoma vibaya. Wewe rudisha bibi ukutani. Fremu ni nzuri."

Walimkuta mtafiti kituo cha tano, futi imening'inia shingoni. Mzee Mita alifungua mdomo, na mdomo ukagoma, kama mkewe alivyotabiri. Akatia mkono mfukoni, akatoa ngata, akaiweka juu ya kibao cha jiwe.

"Vibao hivi ni vya kutulia ndoo, mwanangu," alisema. Baada ya hapo maneno yakaja yenyewe. "Hakuna maua. Maua niliyatia mimi. Ngazi hizi ni za wanawake waliopandisha maji, kabla ya mabomba. Niliona haya kusema. Nisamehe. Ukitaka beji yangu, hii hapa."

Binti alifumba macho, akashusha pumzi ndefu utadhani yeye ndiye aliyekuwa na ndoo kichwani. "Ah! Afadhali, baba. Afadhali!"

Akafungua daftari, akatoa nakala ya barua ya zamani. "Nimekaa na karatasi hii wiki tatu. Usiku silali, nawaza nitamwambiaje mzee wa watu, mbele ya kibao cha chuma na maharusi wake, kwamba hadithi yake si kweli. Nilikaribia kusema naumwa."

"Unaumwa nini?" aliuliza Mama Mwenyekiti.

"Goti."

Barua ilikuwa imeandikwa na mwenye nyumba ya tatu ya mawe kwenda kwa msimamizi wa ujenzi. Alilalamika kwamba vibao vimewekwa juu mno, kimo cha fundi mwanamume. Kwamba wanawake wa maji wanalazimika kusimama kwa vidole na maji yanamwagika. Kwamba wamegoma, hawapandi mpaka vishushwe. Na kwamba leo ni siku ya tatu yeye hajaoga, na ana wageni.

"Ona," alisema mtafiti, akaelekeza penseli. Juu ya kila kibao, kama shubiri moja hivi, ukutani kulikuwa na tundu la mraba lililozibwa kwa chokaa. Mzee Mita aliyaona matundu yale tangu utotoni. Hakuwahi kujua ni ya nini.

Akakaa taratibu, goti likilia. "Mama alikuwa akituambia," alisema. "Tukilalamika maji yameisha mtungini, anasema, nyamazeni, sisi tuliwakausha wakubwa siku tatu mpaka wakaanza kunuka. Tulicheka. Nilijua anatia chumvi."

"Hakutia," alisema binti.

"Hakutia," alirudia mzee, na sura ikamkunjuka yote, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni. Miaka yote alijiona ndiye wa kwanza ukoo mzima kutokukadiria.

Mtafiti akachomoa penseli. "Karatasi inasema wanawake, haisemi nani. Nilikuwa namtafuta mtu aliyewaona."

"Niliwaona. Mmoja alinizaa." Akasimama, akachukua ngata, akaivaa juu ya upara wake bila aibu yoyote. "Sasa andika. Hushushi kwa mikono, maana mikono imechoka. Unakuja ubavu kwa ubavu na ukuta, hivi. Unakunja magoti kidogo, samahani, langu linakunja nusu. Unaiachia ndoo iteleze kwenye jiwe, bila kumwomba mtu. Angalia pale katikati, jiwe limelika duara. Hiyo ni kazi ya tako la ndoo. Tako la chungu halichimbi vile."

Mama Mwenyekiti alitia kidole kwenye ule mduara, akauzungusha polepole. "Na mimi nimekuwa nikiwaambia wageni hapa ndipo alipoweka pete," alisema.

Kikao cha Jumuiya kilikuwa kirefu. Warithi wa nyumba za mawe walisema mambo ya ndoo hayana hadhi, na mambo ya kutokuoga ndiyo kabisa. Mama Mwenyekiti, aliyekuwa sasa hana bibi wa kumlinda na kwa hiyo hana cha kuogopa, akawauliza kwa upole: "Babu zenu ndio walionuka, si wangu. Tuandike kwa majina, au tuandike kwa ujumla?" Waliafiki kwa kauli moja iandikwe kwa ujumla. Na kibao cha chuma kikabadilishwa: NGAZI ZA WABEBA MAJI.

Mzee Mita alibaki na beji. Jumamosi iliyofuata mkewe alifuatana na wageni kwa mara ya kwanza, akasimama nyuma kabisa, mikono kiunoni, kama mkaguzi. Mumewe alisimulia ndoo, vibao vya juu, siku tatu za ukavu na wageni wa bwana ambaye hajaoga. Wageni walicheka, kisha mmoja mmoja wakaenda kupapasa ule mduara kwenye jiwe. Bibi mmoja akaweka chupa yake ya maji pale, ikakaa sawasawa.

"Mimi nilisikia kulikuwa na maua," alisema kijana mmoja aliyekuja na mchumba.

"Maua nilikadiria," alijibu Mzee Mita. "Lakini posa si lazima iwe na maua, piga goti hapo hapo. Angalia ukungu."

Jioni, nyumbani, alitoa kile kitabu chake cha zamani cha mita, kile kisicho na dosari. Kwenye ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko mdogo wa kiofisi, aliandika tarehe ya ile Jumamosi ya miaka sita iliyopita, na mbele yake herufi moja, K. Chini yake akaandika: ngazi 143, zimesomwa.

Mkewe alichungulia begani kwake. "Umemaliza kujihukumu? Vua hilo shati nikushonee kitufe, chai inapoa."